Zaituni, Mtoto Aliyetulia Kupita Kiasi

Kama una mtoto mdogo na kila mgeni anayeingia kwako anamsifia kwa utulivu, weka kazi chini, umshike mkono, umtazame vizuri. Siandiki haya kukutisha. Naandika kwa sababu mimi nilisifiwa kwa miaka minne, nikazipokea sifa zote kana kwamba nimezishona mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani wa Kwedizinga, Handeni. Nilisoma hadi kidato cha nne, na elimu hiyo ilinisaidia kuchagua kazi isiyonitoa nyumbani. Cherehani yangu iko barazani, hatua tisa kutoka kitandani. Mtu wa safari ni mke wangu, Mama Zai. Yeye ndiye wa minada, leo yuko huku kesho kule, anauza vitenge na nguo ninazoshona. Watani wangu husema kwamba katika nyumba ile mume ni yeye. Huwa nawajibu, haya, mwambieni basi mume wangu aninunulie viatu.

Zaituni ni binti yetu, na hadi leo ndiye mtoto wetu pekee. Siku hizo mahali pake palikuwa kwenye gunia la vipande vya vitambaa, karibu na mguu wangu wa kulia. Angekaa pale asubuhi nzima akipanga vifungo kwa rangi. Wenzake wanapita wakikimbiza matairi, yeye anawatazama kama mzee wa baraza la kata. Akicheza kidogo, anarudi kukaa. Njia ya kisimani ikianza kupanda, ananyoosha mikono abebwe. Na viganja vyake vilikuwa baridi hata jua la saa nane. Joto likinizidi nilimwambia, "Zai, njoo unipoze," naye anaviweka shingoni kwangu, tunacheka wote wawili.

"Huyu hajanifuata mimi," Mama Zai alikuwa akisema akifunga mzigo wake. "Mvivu kazaa mvivu."

Nami nilifurahi. Huo ndio ukweli, na ndio unaoniuma hadi leo. Niliona Mungu amenipa mwenzangu wa kukaa nyumbani.

Alianguka mara ya kwanza wakati wa masika, watu wakiwa kwenye palizi ya mahindi. Nilimwomba mkasi. Akanyanyuka, akasimama, akanitazama kama niliyemuuliza swali gumu, kisha akaenda chini. Macho yaligeuka, midomo ikapauka, mikono ikakakamaa. Nilipomfikia, na nilikuwa na hatua mbili tu za kumfikia, alikuwa ameshafumbua macho, uso umeiva joto.

"Baba," akasema, "umenimwagia vifungo."

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Magoma, upande wa Korogwe, kutusaidia palizi. Ni Msambaa wa maneno machache, kila moja zito. Alisema neno moja, "Degedege," na mambo yakaanza kwenda. Mtoto akafunikwa shuka, akafukizwa moshi wa mavi ya tembo yaliyotunzwa kwenye kopo, akafungwa kamba nyeusi mkononi. Sikupinga. Kwanza sikuwa na wazo bora. Pili, yule ni mkwe. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawakai mkeka mmoja, na hawabishani. Likiwapo jambo kati yao linapitia kwa mke, kama barua inavyopitia posta.

Moshi ulituliza sisi wakubwa. Baada ya siku kumi Zai alianguka tena.

Mama Zai akambeba mgongoni hadi zahanati, mimi nyuma na mwavuli. Nesi aliuliza kama ana homa. Hana. "Degedege bila homa?" akasema, akaisogeza ile kamba nyeusi, akashika mkono wa mtoto huku akitazama saa yake. Akahesabu. Akaivua saa, akaitikisa, akaiweka sikioni. Akahesabu tena.

"Baba Zai, una saa?"

Nikampa simu. Akahesabu kwa simu.

"Saa yangu ni nzima," akasema polepole. "Arobaini na nne. Moyo wa mtoto wa umri huu ulipaswa kupiga kama mara mbili ya hapo kwa dakika. Mpelekeni Korogwe, na mkienda msichelewe njiani."

Hapo ndipo nilipoingiwa na udadisi ambao haujanitoka. Nilikuwa nimeishi na moyo wangu miaka thelathini na sita bila kuuuliza hata mara moja unakwendaje.

Tulikubaliana Mama Zai abaki na shamba, mimi nimpeleke mtoto, na tufuatane na mama mkwe tufikie kwake Magoma, maana kutoka kule kwenda Korogwe mjini ni rahisi kuliko kutoka kwetu. Watu wa Kwedizinga walikuja kuniaga kana kwamba nakwenda Hija. Nilikuwa sijavuka Segera tangu mwaka nilipooa.

Asubuhi ya kwanza Magoma, mama mkwe alimwogesha mjukuu wake, akampaka mafuta ya nazi kuanzia utosini hadi vidoleni. Unajua mambo yetu. Mtoto hatoki kwenda mbele za watu amepauka, na kwa daktari ndiko hasa asikoruhusiwa kupauka. Zai alitoka pale akimeta kama kitasa kipya.

Hospitali tulikaa kwenye benchi tangu mapema. Nikawajua wote waliokaa nasi kwa magonjwa yao kabla sijawajua kwa majina. Zamu yetu ilipofika, mpimaji, kijana mwenye miwani, alianza kubandika vile vibandiko vya nyaya kifuani kwa mtoto ili kipimo kisome umeme wa moyo. Anabandika, kinateleza. Anabandika, kinateleza. Kimoja kikaangukia kwenye kiatu changu.

"Baba, amepakwa mafuta?"

"Kidogo."

Akajipangusa vidole kwenye koti. "Mleteni kesho. Sabuni na maji tu, mafuta hapana."

Hapo kosa ni langu, na nitalieleza kama lilivyo. Nilirudi Magoma na ujumbe mmoja mwepesi, nikashindwa kuufikisha. Nianzeje kumwambia mkwe asimpake mjukuu wake mafuta? Ni sawa na kumwambia hajui kulea. Nikampigia Mama Zai ili yeye ampigie mama yake. Simu haikupatikana, alikuwa mnadani. Nikatuma ujumbe. Nikalala nikijipongeza kwa adabu yangu.

Asubuhi nilikuta mtoto ameshaogeshwa. Safari hii mafuta yalikuwa mengi zaidi, maana bibi alisikia kwamba jana daktari hakuridhika.

Mpimaji alipomfunua kifua alivua miwani. "Baba, huyu mtoto mnamkaanga?"

Benchi zima lilicheka, na mimi nikacheka nao, uso ukiniwaka. Alijaribu kumfuta kwa pamba na spiriti. Karatasi ikatoka na mistari iliyochanganyikana kama uzi uliochezewa na paka. Ilikuwa Ijumaa. Akasema turudi Jumatatu.

Jumapili mchana Zai alianguka uani, kati ya kuku. Sikutaka kuhesabu lakini nilikuwa nahesabu, ulimi wenyewe ulikuwa unahesabu. Nilifika kumi na nne. Kumi na nne ni hesabu ndogo ukiwa unapima pindo la sketi. Mtoto akiwa amelala mchangani haamki, mtu anazeeka ndani yake.

Alipoamka nilimshikilia kifuani hadi akalalamika namminya. Kisha nikafanya jambo ambalo mashemeji zangu bado wanalisimulia.

"Mama," nikasema. Sikumtuma mtu. "Naomba kesho mtoto asipakwe mafuta."

Shemeji aliyekuwa anapepeta mchele akaacha ungo hewani. Mama mkwe hakugeuka. Alikuwa jikoni, akaiuliza sufuria, "Kuna mtu anasema mjukuu wangu aende mjini amepauka kama asiye na kwao?"

"Ni mimi, mama. Mafuta yanazuia kipimo. Nilikatazwa tangu Alhamisi nikaogopa kusema."

Alikoroga, akakoroga tena. "Basi amwogeshe huyo huyo anayesema."

Nikamwogesha mwenyewe, mara tatu, kwa sabuni ya mche. Jumatatu nilimbeba kuingia Korogwe mtoto akiwa kijivu kama ndizi iliyochomwa majivuni. Stendi, mama mmoja muuza machungwa alinisimamisha.

"We baba, mtoto huyu hana mama?"

"Anaye."

"Yuko wapi akuone?"

Akafungua mkoba, akatoa kikopo cha mafuta. Nilikimbia, ndugu zangu. Mimi, mtu wa hatua tisa, nilikimbia na mtoto begani kwa kuogopa kikopo.

Vibandiko vilishika vyote. Karatasi ikatoka safi, na mpimaji hakunitania tena. Aliitazama, akatoka nayo, akarudi na daktari, dada mmoja mpole wa umri wa mdogo wangu.

Aliniambia moyo una vyumba vya juu na vya chini. Vya juu vinatoa amri, vya chini vinafuata. Kwa Zai amri inatoka, lakini haifiki. Vya chini vinajipigia vyenyewe, polepole, ili tu maisha yaende, na vikichelewa sana ndipo anapoanguka.

Nikamwambia, "Kama mkanda wa cherehani uliokatika. Mguu unakanyaga, gurudumu la chini linazunguka, sindano haina habari."

Akanitazama. "Huo mfano nitautumia."

"Na mkanda wa moyo unashonwa?"

"Haushonwi. Tunaweka kifaa kinachofanya kazi yake. Ni Dar es Salaam, ni upasuaji, na asikae muda mrefu bila kuwekewa. Inaelekea amezaliwa hivi."

"Daktari, huyu mtoto hakimbii. Hapandi hata kilima. Sisi tulidhani ni tabia."

"Hapana, baba. Alikuwa anabana matumizi."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ukingo wa mfereji. Zai akaja akaniwekea viganja shingoni bila kuombwa. Vilikuwa baridi vilevile. Sikucheka.

Masika yakaisha, mahindi yakavunwa, tukawa tunasubiri kuitwa. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya ila kuogopa, nilihesabu. Zai alinipa mkono wake asubuhi na jioni, akakaa kimya dakika nzima, na nikikosea nilianza tena, dakika ya pili, yeye wala hana neno. Nikahamia kwa Mama Zai. Nikahamia kwa wateja. Mtu anakuja kupimwa suruali, naanza na kifundo cha mkono.

"Fundi, suruali inavaliwa mkononi?"

"Tulia, umenipotezea thelathini na mbili."

Niligundua kwamba imamu wetu moyo wake unakwenda taratibu kuliko mahubiri yake, na kwamba bibi harusi anayesubiri gauni lisilokwisha anafika mia na ishirini bila kukimbia. Nilimhesabu mbuzi. Mbuzi hakukubali.

Mama Zai hakupenda utani huo. Hali nyumbani ilikuwa imeanza kukaza. Ndugu zake walisema mtoto hawezi kuwekewa betri kama redio. Wangu walisema walau ni redio inayosikika. Yeye mwenyewe aliacha kwenda mnadani, akawa anakaa na kumtazama mtoto anavyolala.

"Wakimkata asiamke?" akaniuliza asubuhi moja.

"Wasipomkata, uani kwa mama yako alifika kumi na nne."

"Wewe na hesabu zako!" Akalia, nami sikuwa na kitu cha kumpa isipokuwa kipande cha kitambaa.

Aliyetuvusha hakuwa daktari. Nilimchukua Mama Zai tukaenda kununua uzi Korogwe, kwa Mzee Kanji, Mhindi ambaye marehemu baba yangu naye alinunua kwake. Aliuliza mtoto yuko wapi, maana siku zile za hospitali nilimpitisha hapo akapewa vifungo. Mama Zai akamweleza yote, akakwama kwenye neno betri.

Mzee Kanji akatazama mlangoni, akafungua vifungo viwili vya shati. Chini ya mtulinga palikuwa na uvimbe mdogo wa mraba, kama kiberiti kilichosahauliwa mfukoni.

"Mwaka wa sita huu," akasema. "Fundi, gusa."

Nikagusa. Kisha, msinicheke, nikamshika mkono nikahesabu. Sabini, zimenyooka kama mshono wa kiwandani.

"Unaisikia ikigonga, mzee?" Mama Zai akauliza.

"Sisikii chochote. Mke wangu ndiye anasema tangu niwekewe nimekuwa mbishi."

"Na unalala?"

"Nalala mpaka nafokewa, mwanangu."

Mama Zai akasogea, akautazama ule uvimbe kwa karibu. Yeye ni mtu wa biashara, haamini mali asiyoiona. Tulipotoka dukani alisema, "Wakituita tunakwenda."

Waliita vuli ilipoanza kunyesha. Tulikwenda watu wanne, maana mama mkwe alituma salamu kupitia posta yetu kwamba mjukuu wake haendi Dar bila yeye. Habari za jiji sina. Niliona wodi, niliona korido, niliona chai ya hospitali. Daktari wa kule alitueleza kwamba kwa mtoto mdogo kifaa kinakaa tumboni, chini ya mbavu, na kwamba miaka ikipita betri yake itabadilishwa. Nikaweka saini. Mkono uliokata vitambaa vya watu bila kuchora mstari uliandika jina langu kama la mtu mwingine.

Zai aliingizwa akiwa ameshika vifungo vitatu. Mlangoni wakamwambia vibaki. Akanipa, akasema, "Usivimwage."

Tulikaa kwenye benchi refu. Mimi mwisho huku, mama mkwe mwisho kule, uso nusu ameufunika kanga, Mama Zai katikati kama sheria inavyotaka. Nikawa najihesabu. Napotea, naanza. Ikafika saa ambayo walisema watakuwa wamemaliza, ikapita. Mama Zai akashindwa kukaa, akaenda kuuliza.

Tukabaki wawili na nafasi tupu kati yetu. Mara mama mkwe akasogea. Akafunua kanga kidogo, akanyoosha mkono wake, kiganja juu, hadi karibu na goti langu.

"Baba Zai," akasema, akinitazama mimi, siyo ukuta, siyo sufuria. "Nihesabu na mimi."

Nikamshika. Miaka saba nilikuwa sijawahi kugusa hata ncha ya kanga yake. Mkono ulikuwa mkavu na mgumu kwa jembe, na chini ya ngozi yake moyo ulikuwa unakimbia.

"Mia na kumi, mama."

"Ndiyo maana," akasema. Kisha, "Yale mafuta. Siku mbili zile."

"Mimi ndiye sikusema, mama."

"Na mimi ndiye nisiyeambilika." Hakuutoa mkono. "Hesabu tena. Labda umekosea."

Nilikuwa nimefika themanini na kitu Mama Zai alipotokea mwisho wa korido anakuja mbio, kanga moja imeanguka nyuma yake, na tukajua kwa zile mbio kabla hajafungua mdomo, maana habari mbaya mtu huzileta akitembea.

Walituruhusu kumwona mmoja mmoja. Alikuwa na nyaya na kidonda chenye plasta kubwa kuliko tumbo lake. Nikamshika mkono, nikashtuka. Ulikuwa wa moto. Nikamwita nesi nikamwambia mtoto ana homa. Akapima.

"Hana homa, baba. Hii ndiyo mikono yake."

Kwa anayepita njia hii, nina machache. Mtoto akianguka, andika siku na alikuwa anafanya nini, maana daktari atakuuliza na hofu inafuta kumbukumbu. Mfukize ukitaka kutuliza wakwe, lakini siku hiyohiyo awe zahanati. Siku ya kipimo mpeleke amepauka, na muuza machungwa akikusimamisha, kimbia. Na lile jambo unaloona aibu kulisema mbele ya wakubwa, liseme siku ya kwanza. Mimi nilikuwa na adabu siku tatu, ikabaki kidogo ininyang'anye mtoto.

Sasa ni masika tena. Lile gunia la vipande lina kuku anayetagia. Zai amevunja mtungi, ameanguka kwenye mpera kwa sababu za kawaida kabisa za kuanguka kwenye mpera, na amekimbia na futi yangu hadi kisimani, mimi nyuma, watu wakipiga makofi. Kliniki walisema acheze, ila asigongwe tumboni. Nimekonda. Mama Zai amerudi minadani, na akiwa huko anapiga simu kuuliza sisi tuko wapi, maana nyumbani siku hizi hatupatikani.

"Kamfuata nani huyu?" jirani aliuliza juzi.

"Mimi," akajibu mama mkwe, aliyekuja kwa palizi, amekaa mkeka wa pembeni ya wangu, siyo mmoja, tusije tukazidisha.

Sikubisha. Nilimtaka mwenzangu wa barazani na bado wakati mwingine shingo yangu inavikumbuka vile viganja baridi, nami naona haya kuvikumbuka. Kila jioni bado namwita. Anakuja mbio, ananipa mkono wa moto, anahema, macho yako njiani kwa wenzake. Nashika, natazama saa, naanza. Moja, mbili. Kumi. Ishirini na tano, thelathini.

"Baba, bado?"

"Tulia, Zai. Nusu tu imebaki."

Ameshauchomoa, ameshaondoka. Tangu tulipotoka Dar, sijawahi kumaliza dakika.